Floti ya Mwinjilisti

Watu wanaosema fundi Faustine hapendi kuongea hawamjui. Anapenda kuongea kuliko redio. Shida yake ni kwamba hana wa kuongea naye, na mtu mzima wa miaka sitini na moja hawezi kusimama kando ya barabara ya Mbeya pale Makambako akaanza kujisemea. Watasema upepo wa huku hatimaye umempata. Basi ananyamaza. Anakaa kwenye kigoda chake chini ya bati la kibanda, mgongo ameupa upepo, anafungua pikipiki za watu na kuzifunga, na zikishafungwa watu wanazipanda na kwenda zao. Ndiyo kazi ya fundi hiyo. Mtu haji kukuona wewe, anakuja kwa ajili ya chombo chake.

Zamani hakuwa hivi. Msimu wa ulanzi ukifika, mianzi ikianza kutoa pombe yake, Faustine alikuwa mtu wa kilabuni, tena wa benchi la mbele, mcheshi ambaye akiingia watu wanasogea apate pa kukaa. Miaka minne iliyopita, Jumamosi moja mchana, alikuwa hukohuko kilabuni, jagi la pili mbele yake, anasimulia kisa cha dereva wa lori na mbuzi wa mwenyekiti mpaka watu wanajishika mbavu. Aliporudi nyumbani Mahongole, jua bado liko juu, akamkuta mkewe Cresensia amelala kwenye sakafu ya jiko, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Amekwisha. Majirani walikuwa shambani. Hakuna aliyejua kama aliita au hakuita, na hilo la kutojua ndilo linalomla Faustine hadi leo.

Tangu siku ile hajaonja ulanzi. Hakuapishwa na padri, hakutishwa na daktari, aliacha tu. Na kuacha pombe ni jambo jema, kanisani watakupongeza, lakini hakuna anayekuambia kwamba wanaume wa umri wako wote wako kilabuni. Ukiacha jagi umeacha na benchi. Alijaribu mara mbili kwenda kukaa nao na soda yake, wakaanza kuongea kwa uangalifu utadhani wamekaa na mkaguzi. Hakurudi tena. Binti yake mmoja, Prisila, anakaa Njombe mjini, Mjimwema, na anapiga simu kila Jumapili. "Baba, unakula?" "Nakula." "Baridi?" "Ipo." Dakika nne, kwaheri.

Huyo ndiye mtu ambaye mwinjilisti Anania alimkuta mwezi wa sita, Jumanne asubuhi, ukungu haujainuka.

Anania alikuja akisukuma. Mzee mwembamba, koti refu la kijivu, amestaafu uinjilisti wa Kilutheri na kanisa likamwachia pikipiki aliyoitumia miaka yote, kongwe kama yeye, tangi limepakwa rangi kwa brashi. Petroli ilikuwa inachuruzika kutoka chini ya kabureta, tone kwa tone, barabara nzima imeandikwa.

"Kamwene," Faustine alimsalimia Kibena.

"Kamwene, lakini mimi si wenu," mzee akajibu huku akihema. "Mimi Mkinga wa Makete."

"Mkinga, mtu wa biashara! Duka lako liko wapi?"

"Mimi ndiye yule mmoja aliyebaki bila duka. Wenzangu walipokuwa wanaitwa Kariakoo, mimi nikaitwa na Bwana."

Faustine alicheka. Alicheka mpaka mama Feliciana, yule muuza chai wa kibanda cha pili, akatoa kichwa nje aone kuna nini, maana sauti hiyo ilikuwa haijasikika pale kwa muda.

Ugonjwa wa pikipiki aliujua kabla hajainama. Chini ya kabureta kuna kibakuli cha petroli, na ndani yake kuna floti, kitu chepesi kinachoelea. Petroli ikijaa, floti inapanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Ikipungua, inashuka na njia inafunguka. Kazi yake yote ni hiyo, kupanda na kushuka. Sasa pikipiki kongwe, floti ikinasa chini, njia haizibiki, petroli inamwagika ovyo, plagi inalowa, injini inazima. Faustine alichukua spana namba kumi, akaigeuza, akagonga bakuli mara moja. Ko! Tone la mwisho likadondoka, basi. Akapiga kiki mbili, injini ikaitika.

"Mungu wangu," alisema Anania. "Umeiombea?"

"Nimeigonga. Kaa kwanza ipate joto, unywe chai."

Wakanywa chai. Ndipo Faustine akajua kwamba mke wa mwinjilisti, mama Elina, aliteleza kwenye shamba la viazi akavunjika paja, na sasa amelazwa hospitali ya Ilembula, mguu umefungiwa uzito, na hajulikani atatoka lini. Walikuwa wanaishi kijijini, upande wa barabara ya Njombe. Anania alikuwa anakwenda kumwona kila Jumanne na kila Ijumaa, na chakula kwenye hotipoti, kwa sababu Elina alikuwa na ukaidi wake: hali viazi asivyojua vilikochimbwa. Walizungumza saa nzima. Walizungumzia mbolea, walizungumzia maaskofu, walitaniana Mkatoliki na Mlutheri nani ana kwaya mbovu zaidi. Mzee alipoondoka, Faustine alibaki ameshika vikombe viwili vitupu, moyo mwepesi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo alipokosea, na sitamtetea.

Kugonga bakuli si kutengeneza. Kila fundi anajua hilo. Floti inayonasa ina sababu yake: pini yake imepinda, au sindano imelika ncha, au floti inakwaruza ukuta wa bakuli. Ukitaka kuiponya unafungua skrubu, unatoa vitu vyote, unasafisha, unanyoosha, unabadilisha sindano. Nusu saa, kama mikono haina baridi. Ukigonga tu, unaitikisa inaachia, na kesho kutwa itanasa tena. Faustine siku ile aligonga kwa sababu mzee alikuwa na haraka. Ijumaa yake mzee akarudi, inavuja. Faustine alishika bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ya kwanza. Kisha wazo likamjia, wala halikubisha hodi: nikiiponya, atasimama hapa kufanya nini?

Akarudisha bisibisi. Akagonga.

Ikawa ndiyo desturi. Jumanne na Ijumaa, saa mbili na nusu, vikombe viwili juu ya boksi la spea, Faustine amenyoa ndevu. Siku nyingine pikipiki ilifika kavu kabisa, haivuji hata tone, na Anania akasimama hivyohivyo. "Iangalie tu, fundi," anasema, huku anavua glovu. Faustine akajua mzee ana wasiwasi na chombo chake, akagonga kwa heshima, ko, akamimina chai. Na ili mzee asije akajifunza kujigangia mwenyewe njiani, siku ya tatu Faustine alimwonya kwa uso mkavu.

"Mwinjilisti, hili bakuli usiliguse wewe. Limechoka. Ukiligonga pasipo kujua utalipasua, na spea yake haipo nchi hii. Ikinasa, niletee mimi."

"Sawasawa. Wewe ndiye daktari wake."

Mama Feliciana, ambaye macho yake hayana likizo, alimshika siku moja. "Wee fundi, pikipiki za watu wote zinapona, ya Mlutheri tu ndiyo haiponi? Au umeiroga?"

"Ya zamani hiyo. Ina mambo yake."

"Ya zamani ni wewe," alisema Feliciana. "Haya, sukari nikuwekee vikombe viwili au kimoja?"

Viwili. Na nitasema ukweli, wiki zile Faustine alikuwa na furaha. Alianza kuchana nywele. Alikuwa anahifadhi visa: lori lililopinduka na kabichi, ndoto aliyoota, alichosema Prisila. Jumatatu anavipanga kichwani, Jumanne anavitoa. Hata habari za Cresensia alimsimulia, mkono ule ulioelekea mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kumwambia binti yake. Anania hakumpa mstari wa Biblia. Alikaa naye tu mpaka chai ikapoa.

Wiki ya saba, Jumanne, Anania alifika na uso mwingine. Hakutania.

"Mfupa wa mama umegoma kuunga," alisema. "Ijumaa watamfanyia operesheni, wanaweka chuma. Saa tatu asubuhi wanamwingiza. Anaogopa, fundi. Mwanamke aliyezaa watoto sita na kuzika wawili, anaogopa kama mtoto. Amenishika mkono akasema, Anania, nisiingie mule kabla hujaniombea. Nimemwahidi." Akaigeukia pikipiki. "Ijumaa siyo siku ya kukwama."

Pikipiki ilikuwa inavuja. Bisibisi ilikuwa palepale, kwenye kopo. Muda ulikuwepo, mikono ilikuwepo, na Faustine aliiangalia ile bisibisi kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuangaliwa bisibisi. Sindano mpya hakuwa nayo, sawa, lakini pini angeinyoosha, bakuli angelisafisha, ingemfikisha Ijumaa na Ijumaa nyingine tatu. Alijua. Lakini mtu aliyekaa na njaa miaka minne akipewa sahani hatoi hata tonge. Akachukua spana.

Ko.

"Itakufikisha," alisema.

Ijumaa mwinjilisti alipita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, manyunyu yanadondoka yale ya mwezi wa saba ambayo hayana hata haya ya kuitwa mvua. Faustine alikuwa amefungua mapema ili amwahi. Mzee hakukaa, hakunywa. Faustine aligonga, injini ikanguruma sawa, mzee akainua mkono akaufuata ukungu. Faustine alikunywa chai yake amesimama, akamwombea mama Elina kwa Bikira Maria, ingawa mama ni Mlutheri.

Jumanne iliyofuata Anania alifika amechelewa. Alikaa kwenye benchi kama gunia lililotuliwa.

"Mama vipi?" Faustine aliuliza.

"Mzima. Chuma kimeingia, wanasema atatembea." Akakishika kikombe bila kunywa. "Lakini sikuwahi."

Akasimulia. Alikuwa ametembea mwendo mzuri, amebakiza kama kilomita kumi na tano afike njia panda ya Ilembula, injini ikakohoa, ikazima. Akatazama chini, petroli inachuruzika. Akafunga koki, akasubiri, akapiga kiki mpaka goti likauma. Hakuna. Akaanza kusukuma, kwenye manyunyu, na hotipoti mgongoni. Magari yalipita. Kuna kijana wa bodaboda alisimama, akainama akaangalia, akasema, mzee hiyo floti imenasa, ngoja nitafute jiwe niigonge kidogo, inaachia hiyo.

"Nikamkatalia," alisema Anania. "Nikamwambia, hapana, mwanangu, fundi wangu kanionya, bakuli limechoka, litapasuka. Akashangaa, akaenda zake. Nikasukuma. Mwishowe lori la mbao likanipakia na pikipiki yangu. Nilifika saa tano na nusu. Walikuwa wamemwingiza saa tatu, kama walivyosema. Wao hawana kosa, watasubirije? Nesi mmoja aliniambia mama aliniita mara tatu pale mlangoni. Anania. Anania. Anania. Halafu wakafunga mlango."

Faustine aliweka kikombe chini. Mara tatu. Yeye miaka minne alikuwa anajiuliza kama Cresensia aliita, na sasa amemfanya mwenzake aitwe na asiwepo. Tena mwenzake alikuwa njiani, hakuwa kilabuni. Kilichomzuia ni neno la fundi.

"Niigonge?" ndilo neno pekee lililomtoka.

"Igonge, fundi. Nimechelewa."

Akaigonga, na aliona haya mbele ya spana.

Kesho yake alifunga kibanda akapanda basi la Njombe. Alizunguka maduka ya spea matatu mpaka akapata sindano ya saizi ile, imekaa kwenye droo mpaka karatasi yake imekuwa kahawia. Kwa kuwa alikuwa huko, alipanda mpaka Mjimwema kwa Prisila. Geti lilikuwa na kufuli. Akapiga simu. "Baba! Mbona hukusema? Niko kazini mpaka jioni. Kuna tatizo?" Akasema hakuna, nimepita tu. "Umepita tu?" binti akauliza, kwa mshangao wa kweli, maana baba yake hakuwa mtu wa kupita. Akakaa kwenye jiwe nje ya geti robo saa hivi, akila parachichi kwa kijisu chake, kisha akashuka stendi.

Ijumaa Anania alipofika, Faustine hakuwa ameweka chai. Alitandika kitambaa safi juu ya boksi.

"Leo naifungua," alisema. "Nipe nusu saa."

Akafunga koki, akalegeza skrubu, akalitoa bakuli. Akavuta pini, akaitoa floti, akaitikisa sikioni kusikia kama imenywa petroli. Haikuwa imenywa. Pini ndiyo iliyopinda, kidogo tu, unene wa kucha, na imefanya kutu. Ile aliitupa. Akakata kipande cha spoku ya baiskeli, akakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa na kupita kwenye tundu bila kukwaruza. Akaweka sindano mpya. Akasafisha utando wa petroli uliogandia bakuli, akalijaribu bakuli na floti, akaona upande mmoja inagusa ukuta, akaisogeza taratibu kwa dole gumba. Ikapanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Kazi nzuri kabisa. Anania alikuwa ameinama anaangalia, mikono mgongoni.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," alisema.

"Kidogo hivi."

Kabla ya kulirudisha bakuli, Faustine aliligeuza upande wa chini, akampa mzee mkononi. Angeweza kulifunga tu. Hakuna aliyemlazimisha, na mimi kwa hili nampa haki yake. Chini ya bakuli, kwenye ile aluminiamu laini, kulikuwa na vijishimo vya spana, vimesongamana vyote mahali pamoja.

"Hivi ni vya kwangu," alisema Faustine. "Kila ulipokuja. Nilikuwa naigonga tu, siitengenezi. Na nilikudanganya, mwinjilisti. Bakuli halipasuki. Ungegonga wewe, angegonga yule kijana, kwa jiwe, ingeachia. Nilikwambia usiguse ili uwe unasimama hapa."

Anania alipitisha kidole juu ya vile vijishimo, kimoja kimoja. Lori lilipita, bati la kibanda likatetemeka.

"Angegonga yule kijana," alirudia mzee, polepole. "Ningefika."

"Ungefika."

"Aliniita mara tatu, Faustine."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Akarudisha bakuli. Faustine akafunga skrubu zote nne, mikono inajua njia yenyewe. Injini ikawaka kwa kiki moja. Anania akavaa glovu, akavaa kofia ngumu, akapanda. Hakutukana, hakuhubiri. Alisema asante, kama unavyomwambia mtu usiyemjua aliyekuonyesha njia, akaondoka.

Jumanne alipita bila kusimama. Faustine alimsikia kutoka mbali, kwa sababu sauti ile angeitambua kati ya mia. Aliinua kichwa. Koti la kijivu likapita, halikugeuka. Ijumaa, hivyohivyo. Wiki ya pili, hivyohivyo. Kila mara Faustine aliacha alichokuwa anafanya akasikiliza ile injini mpaka inapotelea, anatafuta kikohozi, anatafuta hata mkwaruzo mmoja wa kumrudisha mzee. Hakuupata. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno.

"Mlutheri wako siku hizi hasimami?" Feliciana aliuliza.

"Pikipiki yake imepona."

"Si ndiyo kazi yako hiyo?"

"Ndiyo."

Feliciana alimwangalia, akaacha utani. Akamletea chai kikombe kimoja, na andazi ambalo hakuliomba.

Jumapili baada ya misa Faustine hakurudi Mahongole. Alipanda gari la Ilembula, amevaa koti la harusi yake, na mfuko wa viazi alivyochimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Hakuwa na mpango. Alijua tu kwamba kuna mtu mmoja ambaye hajaombwa msamaha, na huyo hawezi kupita barabarani asisimame, maana amelazwa.

Mama Elina alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu, mguu umeegemezwa juu ya mto. Faustine alisema pole, akasema yeye ni fundi Faustine wa Makambako. Uso wa mama ukafunguka wote.

"Fundi! Kumbe ndiye wewe! Kaa, kaa hapo kitandani, hakuna kiti. Mzee wangu alikuwa anakuleta hapa kila siku mdomoni. Fundi kasema hivi, fundi kasema vile. Yule dereva na mbuzi wa mwenyekiti, nilicheka mpaka nesi akanigombeza." Akashika mfuko, akachungulia. "Vya shambani kwako? Vizuri." Kisha akamkazia macho. "Siku hizi hakutaji. Mmegombana?"

Faustine alifungua mdomo, lakini mama hakuwa amemaliza.

"Maana nilimuuliza zamani, mbona unachelewachelewa njiani, hiyo pikipiki haiponi? Akaniambia, Elina, siku nyingine hata haina kitu. Nasimama tu. Yule mzee mkewe amefariki, yuko peke yake, hana wa kuzungumza naye. Hata ikipona nitakuwa nasimama."

Wodi ilikuwa na kelele za Jumapili, watoto, vyombo, watu wanaomba. Faustine hakusikia hata moja. Alikuwa anaziona zile siku pikipiki ilipofika kavu, mzee anavua glovu, iangalie tu, fundi. Na yeye akagonga. Alikuwa ameiba kitu alichokuwa anapewa bure.

Akamwambia mama yote. Hakupamba. Bisibisi, spana, onyo, yule kijana wa bodaboda na jiwe lake. "Wewe kuingia mule peke yako, ni mimi," alisema. Na hapo machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya wodi nzima ya wanawake, wala hakuyafuta.

Mama Elina alichukua kiazi kimoja, akawa anakigeuza mkononi.

"Hakuniambia hilo," alisema mwishowe. "Amelibeba mwenyewe." Akavuta pumzi. "Niliogopa sana siku ile, baba. Sitakuambia sikuogopa. Nilimwita."

"Najua."

"Hujui. Ulisimuliwa."

Nje, kwenye uwanja wa hospitali, pikipiki iliingia. Haikuwa Jumanne wala Ijumaa, lakini Faustine alijua kabla haijafika chini ya mti. Injini safi, haina kasoro. Akainuka, akatafuta kofia yake, akaangalia mlango wa pili wa wodi.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mama Elina.

"Nisimharibie siku yake."

"Fundi, kaa. Ukitokea mlango ule, utakaa peke yako mpaka ufe, na hutakuwa na wa kumlaumu. Mimi siwezi kukuambia atasema nini. Ana hasira, na ana haki. Lakini akuone."

Injini ikazimwa. Kikasikika kishindo cha stendi ya pikipiki, halafu viatu kwenye veranda, taratibu, viatu vya mzee anayebeba hotipoti. Mama Elina alijisogeza kidogo pale kitandani. Faustine akaweka kofia magotini, akakaa.